Nilichoomba Dulles

Wheaton, Maryland
12 Oktoba 2025

Mchumba wangu Tusekile,

Marahaba, kwa shikamoo uliyotuma na kwa ile utakayotuma. Sisi hapa tupo. Mama yako ni mzima, anachoka tu. Wiki hii wamempa zamu za asubuhi kule Annandale kwa wale wazee anaowatunza, na jioni anarudi kwa mzee huyu. Moyo wangu unapiga kama ngoma ya mtu asiyejua ngoma. Miguu imevimba, viatu vimenikataa, naenda kanisani na ndara. Na wewe je? Unakula? Kuna baridi?

Barua hii naandika kwa mkono, mama yako ataipiga picha na kuituma kwa simu. Anasema hasomi. Mwanangu huyo hajawahi kuona karatasi asiisome, kwa hiyo: Vaileth, chai yangu imepoa.

Nikupe habari ya Jumapili. Uliniomba nimwombee kwa jina huyo Mzee Jiryis unayemsaidia kuchuma zeituni. Unaijua ibada yetu ya Kiswahili, mchana, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Wazungu. Unajua pia kwamba maombi ya Yerusalemu ni yangu tangu nihamie Marekani, kwa sababu nilifundisha Agano la Kale chuoni Tukuyu mpaka nywele zikaisha. Basi nikasimama, nikaomba kama siku zote, halafu nikaongeza: "Tumkumbuke na ndugu yetu Jiryis, karibu na Bethlehemu, ambaye walowezi wanamzuia kufika shambani kwake."

Mama Wamaitha, yule wa umoja wa wanawake, akafungua macho. "Walowezi gani hao, Mzee?"

Nikamwambia ni Waisraeli.

"Na huyo Jiryis ni nani? Si ni Mwarabu?"

"Ni Mwarabu. Ni Mkristo."

"Ai! Tangu lini?"

Kabla sijamjibu akaanzisha pambio. Wewe unalijua jambo hili. Mtu akipotea katikati ya ushuhuda, hakuna anayemwambia akae. Kina mama huinua pambio, na makofi humkalisha. Miaka yote nimewaona wengine wakikalishwa. Nilibaki nimesimama, mdomo wazi, kisha nikapiga makofi pamoja nao. Ndiyo, nilipiga makofi. Nilijikalisha mwenyewe.

Wala sijui kama walikosea. Vitabu nilivyovifundisha na huyo mzee wako havikai pamoja kichwani mwangu. Nieleze tena, polepole: ni nani anamzuia nani, na nyinyi mnafanya nini hapo?

Babu yako

*

Karibu na Bethlehemu
17 Oktoba 2025

Mume wangu mzee,

Shikamoo Babu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Huku ni salama kwa kiasi chake. Ninakula kupita kiasi. Mke wa Jiryis haamini kwamba binadamu anaweza kushiba. Asubuhi kuna baridi ya Tukuyu, ile ya Juni. Miguu iinue juu ya mto, na usibishane na Mama.

Naeleza polepole. Mzee Jiryis ana shamba la zeituni kwenye mteremko, la babu zake. Juu ya kilima kuna nyumba za walowezi. Sasa ni msimu wa mavuno. Akienda peke yake wanamfukuza, wengine kwa mawe, na askari wakifika humwambia yeye ndiye aondoke. Tukienda naye sisi wageni tuliotumwa na makanisa, mara nyingi wanaishia kututukana. Kazi yetu ni hiyo tu, kuwapo. Hatubebi silaha, hatujibu tusi. Tunatandika turubai chini ya mti, tunachana matawi kwa vitana vya plastiki, zeituni zinanyesha.

Ngoja nikuchanganye zaidi. Yupo mama mmoja Myahudi, Mwisraeli, anayekuja kutoka Yerusalemu na ngazi juu ya gari lake. Mpwa wake aliuawa katika lile shambulio la Hamas la Oktoba 2023. Nilimwuliza kwa nini anakuja huku. Akaniambia, "Nani atashika ngazi?" Akapanda mtu mwingine, yeye akashika.

Juzi jiwe lilimpata Jiryis begani. Alikaa chini, akaomba chai. Mimi nilichuchumaa nyuma ya mti. Nikafanya ninachofanya kila nikiogopa: nikafumba macho, nikakumbuka mikono yako pale uwanja wa ndege wa Dulles, ulivyoiweka juu ya kichwa changu katikati ya masanduku ya watu, ukaomba kimoyomoyo kama desturi yako, sisi tukiinamisha vichwa. Mwishoni ukasema amina na Mama akaitikia. Nikasimama. Hivyo ndivyo ninavyosimama huku, Babu.

Jumapili mwombee tena. Pambio likianza, usipige makofi.

Mjukuu wako
Tusekile

*

Wheaton
2 Novemba 2025

Mjukuu wangu,

Nakusalimu kwa upendo. Leo sikuiti mchumba. Wamenifunga mrija wa oksijeni puani, nalala nikiwa nimeketi. Mama yako anajitahidi. Mwambie Mzee Jiryis pole ya bega.

Barua yako nimeisoma mpaka nimeikariri. Kitabu cha Yoshua nilikifundisha maisha yangu yote ya kazi. Nilichora ramani ubaoni, nikaandika majina ya makabila ya Kanaani, na kadiri sura zilivyosonga niliyafuta kwa dasta, moja baada ya jingine. Wanafunzi walipenda somo lile. Mwisho ubao ulikuwa safi, nami nikaenda kunawa chaki. Sasa nikisoma sura zile zile nasikia sauti za watu ndani ya nyumba. Lakini nasoma pia ahadi aliyopewa Ibrahimu, nayo sijui pa kuiweka. Na Wayahudi waliteswa na Wakristo karne kwa karne, hilo nalo nililifundisha. Na huyo mama anayeshika ngazi ni Myahudi aliyefiwa. Nikilala upande huu naamini hivi, nikigeuzwa naamini vile. Muuguzi anasema ni hewa kidogo kichwani. Huenda ni kweli.

Jambo moja tu halijanichanganya, na ndilo linanifanya niandike.

Asubuhi ya safari yako mama yako alinifuata jikoni. Akasema, "Baba, wewe Mungu anakusikia. Mzuie mtoto." Pale Dulles, mikono yangu ikiwa juu ya kichwa chako, niliomba hivi: Bwana, funga njia yake. Anyimwe kibali, augue kidogo, arudishwe mpakani, vyovyote upendavyo, mradi asifike akasimama kinyume cha watu wako. Kisha nikasema amina kwa ile sauti yangu ya madhabahuni.

Hukubarikiwa, Tusekile. Ulifungiwa njia, tena na mikono unayoikumbuka mawe yakirushwa. Siwezi kufa nikikuacha umesimama juu ya kitu ambacho sikukiweka pale.

Utasema, basi nibariki sasa, kwa karatasi. Ninaogopa. Bado sijui kama unachofanya ni sawa mbele za Mungu, na baraka ya uongo nimeshakupa mara moja.

Mama yako atasoma haya. Na asome.

Babu yako

*

Wheaton
16 Novemba 2025

Tusekile,

Hujambo huko uliko? Sisi tunaendelea, mimi nikiendelea kushuka. Mama yako ananiambia zile alama za simu zimekuwa za buluu, maana yake umesoma. Sikulaumu. Yeye naye hajanisemesha vizuri tangu siku ile. Ananipa dawa kama anayemlipa mtu nauli.

Leo nilimlazimisha anipeleke ibadani, na mtungi wa oksijeni ukiburuzwa nyuma yangu kama mbwa. Zamu ya Yerusalemu ilipofika nilisimama, nikamtaja Jiryis na bega lake, kisha nikamtaja mama wa ngazi na mpwa wake. Wamaitha akainua pambio. Sikupiga makofi. Nilisimama nikiwa nimeshika meza, wakaimba beti zote, wakarudia, nami nipo tu. Lilipokwisha nikaendelea nilipoishia. Akavuta pumzi aanze jingine, akanitazama miguu. Akaenda akaleta kiti.

"Kaa basi, Mzee," akasema. "Utaanguka hapa, halafu tuambiwe ni sisi tumekuua. Maliza ukiwa umekaa."

Nilipomaliza, amina zilikuwa chache. Vijana walikuwa wanaulizana mambo kwa Kiingereza. Tukitoka, Wamaitha akaniinamia garini. "Na hilo bega la huyo mtu wako liko aje?"

Nikamwambia sijui, kwa sababu huniandikii.

Babu

*

Karibu na Bethlehemu
23 Novemba 2025

Babu,

Shikamoo. Natumaini oksijeni inafika na Mama analala.

Nilikasirika sana. Siku kadhaa sikwenda shambani. Niliwaambia wenzangu nina mafua. Nilipofumba macho sikuona mikono tena, niliona wewe na Mama jikoni mkinipangia mambo kama mbuzi. Mngeniambia usoni! Ningebishana nanyi, ningelia, lakini ningejua nimeondoka na nini.

Mke wa Jiryis ndiye aliyenitoa kitandani, kwa supu ya dengu. Nikawaeleza yote. Nilidhani watahuzunika. Mzee alicheka mpaka akashika bega lake. Akasema, "Baba yangu aliniombea kila siku nihamie Chile kwa mjomba. Mjomba alinitumia hadi koti. Niko hapa. Binti, Mungu ameshazoea maombi ya wazee." Kisha akaniuliza jina lako, akalitamka vibaya, akasema atakuombea Jumapili, na huko kwao hakuna pambio la kumkalisha.

Mavuno yamekwisha. Miti sita ilikatwa siku nilizokuwa kitandani na mafua yangu ya uongo. Sikwambii hivyo ili uumie. Nakwambia kwa sababu nami nina kitu kisichokaa kichwani.

Nimepata likizo. Ninafika Dulles tarehe 11 Desemba, na Januari ninarudi huku. Hilo mwambie Mama mapema, tusilianzie mezani. Usinibariki kwa karatasi. Nisubiri, uniwekee mikono, useme kwa sauti nisikie. Kama utakuwa bado hujui, sema hujui. Lakini mimi niwepo.

Mjukuu wako
Tusekile

Mwambie Mama Wamaitha bega linainuka mpaka usawa wa sikio.

*

Wheaton
5 Desemba 2025

Mchumba wangu,

Marahaba. Mkono haushiki tena kalamu. Mimi nasema, mama yako anaandika. Leo hawezi kudai hasomi.

Umesema nikusubiri. Najaribu, lakini muuguzi ameanza kuniita kwa sauti laini, na mimi nimezika watu wengi, naijua sauti hiyo. Kwa hiyo jana nilimwambia Vaileth apige magoti hapa kando ya kitanda.

Hakutaka. Akasema, "Baba, unataka mimi ndiye nimbebee baraka ya kurudi kule?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Wewe utakuwa umekwenda zako. Nitakayekaa na simu mkononi ni mimi." Hilo nalo ni kweli. Akasimama dirishani, akawatazama watoto wa jirani wakishuka kwenye basi la shule. Kisha akaja, akapiga magoti.

Nikaweka mikono juu ya kichwa chake kana kwamba ni chako. Nywele zenu ni zile zile. Nikasema kwa sauti: Bwana, lile nililokuomba Dulles nalifuta. Mfungulie njia kwenda na kurudi. Walio juu ya kilima uwaguse mioyo, walio chini uwalinde, na anayeshika ngazi usimwache.

Usije ukawaambia watu kwamba babu alielewa mwishoni. Sijaelewa. Ahadi bado iko mkono mmoja na Jiryis yuko mkono mwingine, na nimechoka kubeba vyote viwili. Nimekubariki nikiwa katika hali hiyo. Isaka naye alibariki akiwa haoni, akamgusa mtoto akadhani ni mwingine, na baraka ikashika. Kama nimekosea, Mungu ameshazoea. Kaniambia mzee mwenzangu.

Ukinikuta, nitakuwekea mwenyewe. Usiponikuta, mama yako ndiye anayo. Akuwekee mikono, na aseme kwa sauti. Nimemwambia. Ameandika sentensi hii bila kuinua kichwa.

Babu yako

*

Wheaton
14 Desemba 2025

Babu,

Shikamoo. Nimeinua kalamu nikingoja marahaba. Mazoea ni mabaya.

Uliondoka nikiwa angani. Tunakuzika Jumamosi. Hali zetu ni za hivyo hivyo. Nyumba imejaa watu na sufuria za watu, na Mama Wamaitha ameteka jiko lako. Ameniuliza kama Jiryis ameambiwa. Nimemwambia ndiyo, na kwamba atakuombea kanisani kwao. Akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Basi na sisi tutamwombea," kisha akamkaripia mtu kwa ajili ya chumvi.

Naandika kwa sababu lipo jambo moja, na sina mwingine wa kumwambia.

Mama alinipokea Dulles, katikati ya masanduku ya watu. Hakunikumbatia kwanza. Aliweka mikono juu ya kichwa changu, akiwa na koti lake la kazini, akasema kwa sauti mpaka watu wakageuka: "Bwana, mfungulie njia kwenda na kurudi." Alikwama kwenye neno "kwenda". Akaanza upya, akaisema yote, na ya kilima, na ya ngazi, kama alivyoiandika.

Nikadhani amemaliza. Mikono haikutoka. Aliendelea kimoyomoyo, kama wewe, muda mrefu, nami nasikia pumzi yake tu. Alichokisema humo sikijui, na sikumwuliza.

Nilisema amina kwa maombi yote mawili.

Mjukuu wako
Tusekile