Mtakatifu Ana wa Wamaza Si Yule wa Kwanza

Baba yangu,

Tangu ulipofariki, ufunguo wa kikanisa cha Mtakatifu Ana hapa Wamaza ninao mimi, na tangu niupate sina amani nawe.

Unakumbuka mikesha ya sikukuu yake, kabla ya vita? Mama alikuwa akiiogesha sanamu kwa maji ya vuguvugu, nami nimeshika kitambaa. Ilikuwa ya plasta, baridi hata mchana wa jua kali, na kuiteremsha ilitaka watu wawili. Vita vikaja, tukakimbilia porini, wewe umeibeba. Uliporudi nayo, watu walikuja hata kutoka Kabambare kuimba. Lakini tangu siku ile ulikataza maji. "Kitambaa kikavu tu," ulisema, ukiangalia pembeni. Wewe, katekista uliyezoea kututazama machoni.

Mwezi uliopita niliiogesha kwa siri. Rangi ikatoka, chini yake ni mbao. Niliiinua peke yangu. Sikufichi, Baba: niliamini uliiuza ile ya kwanza. Nilikumbuka wachuuzi waliopita wakati ule, nikakumbuka hata baiskeli yako mpya.

Na Jumapili padri anakuja kuandika historia ya sanamu. Mimi ndiye wa kuapa kwamba ni ileile waliyoileta mapadri wa kwanza. Kuapa uongo siwezi. Kukuita mwizi mbele ya watu, nako siwezi.

Basi nikapanda pikipiki, siku mbili za matope hadi Kasongo, kwa rafiki yako Mzee Saidi, seremala uliyekimbia naye. Nilimhoji kama polisi. Mwishowe akakiri kwamba hii ya sasa aliichonga yeye, Mwislamu, na wewe ulimwomba asimwambie mtu. Nikamuuliza ile ya kwanza iko wapi.

"Baba yako alimubeba siku tatu," akasema. "Kisha homa ikakukamata weye, haukuweza kutembea. Mugongo yake iko moja tu, mama. Akamushusha Mutakatifu mu pori, akakubeba weye."

Sikumwamini. Nikamtega: nilivaa nini siku ile? Akajibu papo hapo, na akapatia: gauni la njano lililokatwa kwenye kikwembe cha Mama. Akaongeza kwamba ulilia njia nzima, ukiogopa watu watasema umemtupa Mtakatifu.

Naona haya, Baba. Miaka yote hiyo ulikaa na siri hii, nami nikakudhania wizi.

Jumapili nitamwambia padri aandike kwamba yule wa kwanza yuko porini, na kwamba katekista alimwacha huko kwa sababu mtoto wake alikuwa mgonjwa. Watakaoacha kuja, waache.

Ni mimi, binti uliyembeba.