Chai Yako Imemhamisha Baba

S.L.P. 27,
Ipinda, Kyela.
6 Juni, 1993.

Mpendwa shemeji Andongwisye,

Ugonile, shemeji. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mombasa, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimeshapona. Usipende kukaa kwenye upepo wa bahari jioni ukiwa na fulana tu, wewe si mtu wa pwani hata ukijifanya. Sisi hapa miili mizima. Kaka yako Hebroni yupo, Ikupa na wadogo zake wapo, na ng'ombe amezaa dume. Mvua zilizidi mwaka huu, maji yakaingia mpaka jikoni, lakini mpunga umesimama na wiki hii tumeanza kuvuna. Kakao nayo haijambo. Kwa upande wa afya na shamba, basi, namshukuru Mungu.

Kwa upande wa chai yako sina wa kumshukuru. Hasira hizi ninazo tangu Pasaka. Nilisema nizisubiri zipoe ndipo nikuandikie, nikaona hazipoi. Zipokee zikiwa bado za moto.

Vifurushi vyako vyote vilifika. Cha kwanza alikileta dereva wa lori linalokuja kupakia mchele, cha pili kikaja na mwalimu Jubilate aliporudi kutoka Dar es Salaam. Najua kazi yako huko mnadani ni kuonja chai asubuhi mpaka jioni na kuitema, kazi ambayo mpaka leo nimeshindwa kuwaeleza watu wa Ipinda wakaniamini. Najua pia kwamba ulichagua vitu vizuri na ulichagua kwa mapenzi. Lakini shemeji, umetuma chai za kila namna, ya kijani, nyeusi, ya maua ya asumini, nyingine ya moshi, pamoja na mabirika matatu, au mabuli kama mnavyoyaita huko kwenu siku hizi, kwenye nyumba ya mzee anayetaka kitu kimoja tu: chai iliyochemka na maziwa, yenye sukari ya kutosha.

Nadhani umekaa na watu wa Mombasa mpaka umesahau nyumba yenu inavyoendeshwa. Ngoja nikukumbushe. Mimi ni mkwe. Sikai alipo baba yako, simtazami usoni, jina lake silitaji, hata hapa kwenye karatasi silitaji. Asubuhi naweka sinia kwenye kibaraza cha nyumba yake, nakohoa, nageuka narudi jikoni. Yeye hatoki mpaka asikie mlango wangu umefungwa. Kama anasikiliza taarifa ya habari, sinia linasubiri mpaka redio inyamaze. Tangu nimeolewa hapa tumeishi hivyo, kwa heshima na kwa amani, na ile chai yetu ya sufuriani haikuwahi kulalamika kwa kusubiri.

Sasa wewe unaniandikia kwamba maji yasichemke kabisa. Majani yakae dakika tatu, zikipita chai inakuwa chungu. Imiminwe palepale. Isihamishiwe kwenye chupa, harufu itapotea. Isitiwe maziwa, isitiwe sukari. Halafu mwishoni, kwa herufi kubwa na mstari chini yake, nisimwambie Baba kwamba imetoka kwako mpaka aizoee. Maelekezo hayo ni ya mtu anayekaa meza moja na anayemnywesha. Hizo dakika tatu zinaisha mimi nikiwa wapi? Ulitaka nirudi kibarazani nikaopoe majani mbele ya baba mkwe wangu?

Nilijaribu. Nataka ujue kwamba nilijaribu, maana najua utasema nilipuuza. Nilianza na lile birika la chuma, kwa sababu lilikuwa zito nami nikadhani zito ndilo bora. Kumbe lile linashika moto kama jiko. Nikaweka humo ile chai ya kijani, nikaipeleka, nikakohoa. Siku hiyo redio ilikuwa na habari nyingi. Baba alipotoka, majani yalikuwa yameshaiva kama mboga. Nilionja masalia sinia liliporudi, nikatema, na mimi sijasomea kutema. Mwarobaini una nafuu.

Nikasema labda birika la kioo litafaa, maana halitunzi moto sana. Kwa kweli chai haikuwa chungu kama ya kwanza. Ila sasa kila kitu kilionekana. Yale majani uliyoyasifu kwamba yanafunguka majini yalifunguka kweli, yakasimama mle ndani kama magugu kwenye jaruba la mpunga. Pembeni ya birika hapakuwa na bakuli la sukari, kwa sababu wewe ulikataza. Hapakuwa na maziwa, kwa sababu wewe ulikataza. Nikaweka sinia hivyo hivyo, nikakohoa, nikaondoka zangu nikiwa na furaha kwamba safari hii nimepatia.

Ile ya moshi sikuthubutu kumpelekea. Kaka yako alifungua kopo lake akauliza samaki mbasa wa kubanika yuko wapi, mbona anasikia harufu na hamwoni. Lile kopo bado liko juu ya kabati, na paka wa jirani halali kwa ajili yake.

Unakumbuka miaka ile sukari ilipokuwa ya foleni na majani ya chai hayaonekani? Tulichemsha mchaichai, tulichemsha majani ya mpera, na baba yako alikunywa bila neno kwa sababu kila nyumba ilikunywa hivyo. Leo kila kitu ni ruksa. Hapa Ipinda chai inauzwa dukani, inauzwa barazani, inauzwa hata kwenye toroli. Mzee akitazama birika la kioo anaona nini? Mimi sikuliwaza hilo, na wewe uliyesoma hukuliwaza. Alimwambia rafiki yake mzee Hezroni, na mke wa mzee Hezroni hana kifua cha kutunza neno, ndiyo maana limenifikia. Alisema, "Maduka yamejaa chai na sukari, mimi napewa nyasi. Huyu mkwe ana neno ananiambia."

Shemeji, mimi na baba yako hatujawahi kuzungumza hata siku moja. Kati yetu sinia ndilo linalosema. Nikimpikia vizuri ananielewa, akirudisha sahani tupu namwelewa. Sasa umenifanya niseme kitu ambacho sikukisema, na siwezi kwenda kukifuta.

Alianza kwa kumwaga chai kwenye shina la mgomba. Baadaye akawa hagusi sinia kabisa. Nilirudia chai yetu ya zamani, nikaweka sukari mpaka ikazidi, lakini alikuwa ameshaamua, na hiyo nayo alirudisha. Jumamosi moja nimetoka sokoni nikakuta nyumba yake imefungwa, kiti chake hakipo, redio haipo. Amekwenda Ikolo kwa dada yako Felista.

Huyo Felista naye sitamsahau. Tulikutana sokoni, akanisalimia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza ndizi. "Wifi, Baba hajambo kabisa. Kwangu anapata chai yenye rangi, na sukari anajiwekea mwenyewe." Nikamjibu ndaga, nashukuru kusikia. Ningejibu nini? Ningesema chai ile ilitoka kwa kaka yake wa Mombasa, na kesho yake Baba angejua, na wewe ungesema Atuganile hana siri.

Kaka yako alipanda baiskeli akaenda Ikolo kumrudisha. Unamjua Hebroni, hajui kudanganya hata kidogo. Baba alimuuliza majani yale yametoka wapi. Akasema ameyanunua Karonga, ng'ambo ya mpaka, alipokwenda kuuza mchele. Baba akamwambia, "Karonga nimeijua kabla hujazaliwa. Hakuna chai kama hiyo." Kaka yako akaanza kutazama kofia yake. Ndipo Baba akamuuliza swali moja tu, halafu akaingia ndani. Alimuuliza, "Huyo mke wako, mimi nimemkosea nini?"

Hilo ndilo kaka yako aliloniletea jioni, amesimama mlangoni hajashika hata maji ya kunawa. Nililia, sikufichi. Ningejua amenikasirikia ningevumilia. Lakini mzee wa watu amekaa Ikolo anajichunguza yeye, anatafuta kosa lake kwangu, na kosa halipo. Mimi ndiye niliyemuuguza mama yenu mpaka akafumba macho, na ninadhani yeye anakumbuka, ndiyo maana anashangaa.

Sasa ukoo umeitwa. Mpunga ukishaingia ghalani, wazee watakaa hapa kwetu kuuliza kwa nini mzee amehama nyumba ya mwanawe mkubwa akaenda kukaa kwa mkwewe wa kiume. Baba atakuwepo, kwa hiyo mimi sitakuwepo. Watanijadili mimi nikiwa jikoni nawapikia. Na neno likishatoka kwenye kikao kwamba mke wa Hebroni alimchoka mkwewe, litakuwa ndilo neno langu mpaka nazikwa, na Ikupa ataolewa nalo.

Niseme na hili, maana sipendi kuonea mtu. Chai yenyewe ni nzuri. Lile birika dogo la udongo lilifika limevunjika. Ulifikiri nini, shemeji, kutuma chombo cha udongo kwa watu wanaoishi jirani na Wakisi, wafinyanzi wa kuzaliwa? Vipande nilimpelekea Veronika, anayeleta vyungu sokoni kutoka upande wa Matema. Alivigeuzageuza, akacheka, akanifinyangia jingine kubwa zaidi lenye vitundu kwa ndani pale mdomo unapoanzia, majani yasipite. Naweka humo ile ya asumini peke yake, kwa sababu nimegundua udongo unanywa harufu na hauisahau. Nikichanganya na nyingine, zote mbili zinaharibika. Lile la kioo nimeliacha kwa chai ya kijani, na la chuma linafaa ile nyeusi inayopenda moto. Unaona kwamba mwanafunzi wako ameelewa.

Juzi, baada ya kaka yako kulala mchana, nilitengeneza ya asumini. Nilihesabu muda kwa beti za wimbo wa kanisani, nikamimina, nikakaa kwenye kigoda nikanywa kikombe kizima bila kuinuka, jambo ambalo mwanamke wa hapa hulipata siku ya kuumwa tu. Ni tamu bila sukari. Inakuja polepole, mpaka unajiuliza utamu umetoka wapi. Nikaelewa kwa nini ulitaka Baba aionje, na hapo ndipo hasira zikarudi upya. Chai ya namna hii haitaki kuachwa kibarazani. Inataka mtu akae na mwenzake, amwambie subiri, amwambie sasa, amwambie onja kwanza ndipo useme.

Wewe unajua hivyo kuliko mimi. Bado ukaituma kwa mkono wa mtu pekee katika nyumba hii asiyeruhusiwa kukaa na baba yako.

Najua kwa nini ulitaka siri. Lile koti ulilomtumia mwaka juzi alimpa mzee Hezroni siku hiyohiyo, na wote tulimsikia akisema kwamba hakuzaa koti. Ulichukia. Ukaona upitie mlango wa nyuma, umfikie bila yeye kujua, kama vile chai ingemwambia mambo ambayo ninyi wawili mmeshindwa kuambiana tangu mlipokosana kwa ajili ya shamba la kakao, wakati msiba wa mama ulikuwa haujaisha. Mimi nilikubali kwa sababu nilikuonea huruma. Sasa huruma imekwisha, nimebaki na aibu isiyo yangu.

Kwa hiyo usinitumie barua ya maelezo nikamsomee mtu. Usimtumie Felista, usimtumie Hebroni, usitume birika jingine hata likiwa la dhahabu. Panda basi ufike kabla mpunga haujaisha shambani. Nenda Ikolo, kaa karibu na baba yako, chemsha maji mbele yake, mmiminie. Akisema ni chungu, mwambie kosa ni lako.

Mimi mila inanizuia kukaa na baba yako, na ninaiheshimu. Lakini katika miaka hii yote hakuna asubuhi niliyoshindwa kumfikia. Wewe huna mila inayokuzuia. Unaruhusiwa kumtazama usoni, unaruhusiwa kumwita Baba akasikia. Anayekuzuia wewe ni nani?

Kaka yako anakusalimu sana, ingawa hajui nimeandika haya yote. Ikupa anakusalimu na kukushukuru kwa viatu. Mzee Hezroni na mkewe wanakusalimu, mwalimu Jubilate pia. Nisalimie mkeo Tusajigwe na mtoto, ambaye babu yake bado hajamwona.

Mungu akulinde njiani, maana safari ipo.

Ni mimi shemeji yako, niliyekuchoka na ninayekupenda vilevile,

Atuganile, mama Ikupa.