Wanashika Sikio la Kushoto

Kemi, we Kemi,

Wanashika sikio! Huku Buganguzi, watoto ambao hukuwahi kuwaona hata kwa mbali, wanakimbia na kijiti mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umeshika sikio. La kushoto, Kemi! Nimeanza na hili kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na nikilia sitaandika.

Haya, sasa salamu. Huku tupo. Mama yako yupo. Nitafika kwake, usinikimbize. Najua ungesema, "Justa mdomo, sema jambo moja likiisha ndiyo useme jingine." Najaribu.

Jambo la kwanza: mimi ni mwalimu. Acha kucheka. Wanataka kila mtoto aingie darasani, walimu hawatoshi, basi wakatuita hata sisi tulioishia darasa la saba, wakasema tutafundishwa kazi hukuhuku kazini. Mimi niliyekuwa nasoma magazeti ya kufungia sukari huku wewe unanishikia taa na kuniuliza, "Na hapo wamesema nini?" Sasa nasimama mbele ya ubao na watoto wote wanainuka. Siku ya kwanza walipoinuka niligeuka nyuma kuangalia nani ameingia.

Nilipangiwa Buganguzi, milimani huku Muleba. Basi linakuacha barabarani, halafu unapanda kwa miguu katikati ya migomba na mibuni mpaka magoti yanagoma. Shule ipo kwenye ukingo wa rweya, nyasi tupu mpaka macho yanachoka, na ziwa linaonekana kule chini kama bati jipya. Asubuhi tunafundisha, halafu tunaingia na watoto shamba la shule, halafu wanaachiwa wacheze. Mimi siku ile ya sikio nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nawaza juu yako. Nilikuwa nawaza lile neno.

Unajua ni neno gani? Hulijui, ulikuwa umeshalala. Tulikuwa tumekaa chini kwenye nyasi zilizotandazwa ndani kwa mama yako, siku tuliyokuzika pale kwenye kibanja chenu, katikati ya migomba. Kila mwanamke aliyeingia alishika mikono ya mama yako, alilia naye, halafu aliuliza, "Ameacha mtoto?" Na mama yako akajibu, "Hakuacha." Anaingia mwingine. "Ameacha mtoto?" "Hakuacha." Kemi, sikuwa najua kwamba neno dogo hivyo linaweza kumkata mtu mbele ya macho yangu. Mwishoni alikuwa halitamki, anatikisa kichwa tu. Halafu watu wakaanza kumwonea huruma kwa namna mbaya zaidi: wakaacha kumwita Mama Kemi. Wanamwita "mama" tu, au "waitu," kwa heshima, kwa sauti ya chini, wasimtoneshe. Wewe ndiwe mtoto wake wa pekee, sasa hata jina wakamnyang'anya.

Basi nimekaa pale kwenye ngazi ya darasa nawaza hayo. Nikainua macho.

Kuna kichuguu katikati ya uwanja wao. Watoto wengine wamekizunguka, wanakilinda, mmoja ana mpira wa matambara. Wengine wako mbali, na msichana mmoja ana kijiti. Akatoka mbio. Mpira ukarushwa, akainama, ukampita. Wale walinzi wakamzomea, "Umezimika! Umezimika!" Naye, "Bado nawaka!" Na mkono wake wa kushoto, muda wote huo, umeshika sikio.

Nilisimama. Mwili wote ulisisimka, Kemi, mpaka kwenye meno. Nilikimbia uwanjani na viatu vyangu vya ualimu. Mwalimu mkuu alitoa kichwa dirishani akaita, "Ndugu Justa! Umekuja kufundisha au kucheza?" Nilimshika yule msichana bega. Nikamuuliza mbona ameshika sikio. Akaniangalia kama mtu asiyejua kitu.

"Mwalimu, ndivyo linavyoshikwa."

"Nani amewafundisha?"

"Tumeukuta."

Tumeukuta! Kama wanavyoukuta mlima! Nikamuuliza wa pili kwa nini sikio. Akasema ni ili usisikie matusi ya walinzi. Wa tatu akasema hapana, anayeshika sikio hawezi kumsukuma mwenzake, ndiyo haki. Na kavulana kadogo, kembamba, pengo mbele, kakasema, "Juu ya mlima kuna baridi, mwalimu. Sikio linaganda linadondoka." Hapo nilikaa chini kwenye nyasi mbele ya watoto wote.

Kwa sababu maneno hayo ni ya Laurenti. Unamkumbuka Laurenti wa kwa fundi baiskeli, anayejua kila kitu? Ni maneno yake yaleyale, alisema pale shuleni kwetu Kashozi, siku zile za Uhuru.

Walimu wetu walikuwa wamechanganyikiwa na nyimbo na gwaride, sisi wadogo tukaachiwa uwanja tangu asubuhi. Ulikuwa msimu wa senene, kila mtu ana kichupa chake. Ulitoka dukani umesikia redio, ukatuambia kwamba Mwenge utawashwa juu kabisa ya Kilimanjaro. Sisi tukasema, aa, vizuri. Wewe ukauliza, "Na wakitokea watu wa kuuzima?" Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Sisi tunapiga makofi, wewe unauliza nani ataulinda. Ukapanda kwenye kichuguu ukatugawa, nyinyi mnauleta, nyinyi mnauzima. Ukachukua kijiti ukachomeka kipande cha ua la mgomba, lile jekundu, ndio moto. Mpira tukafunga wa majani makavu. Akipigwa aliyebeba, anakaa, anampa mwenzake. Ukifika juu unachomeka, unapiga kelele "Uhuru!" na wote wanaitika "Na kazi!"

Na wewe ndiye uliyekimbia wa kwanza. Kijiti kulia. Mkono wa kushoto kwenye sikio, kwa sababu sikio lilikuwa linakuuma. Basi! Hakuna zaidi! Sikio liliuma! Lakini sisi tulikuwa hatujui. Tulikuangalia ukipanda kile kichuguu umeshika sikio, umependeza mno, tukaona hivyo ndivyo Mwenge unavyobebwa. Mmoja akauliza, kwa nini sikio? Laurenti akaeleza habari ya baridi. Nani angembishia Laurenti? Nani kati yetu alikuwa ameuona Kilimanjaro?

Kesho yake kila aliyebeba alishika sikio. Wewe ulikuwa umepona, ukachukua kijiti ukakimbia mkono wa kushoto mtupu. Tukapiga kelele uwanja mzima, "Umekosea! Shika sikio! Kemi anadanganya!" Ukasimama. Ukatuangalia mmoja mmoja. Halafu ukaelewa, ukacheka mpaka ukaketi. Mimi peke yangu ndiye uliyeniambia jioni tukirudi, na ulisema, "Waache hivyohivyo. Mikono miwili ni rahisi mno."

Hivyo Kemi, umeelewa kilichonikalisha chini? Kila kitu kimebadilika. Mpira ni wa matambara. Kijiti hakina ua, wanafunga kitambaa. Mchezo wanauita "Kilima." Mwishoni hawasemi Uhuru, wanasema "Ujamaa!" na wenzao wanaitika "Pamoja!" Wewe hawakujui, mimi hawanijui, Kashozi hawajafika. Lakini sikio! Maumivu yako ya asubuhi moja yametembea kwa miguu ya watoto, yamevuka mito, yamepanda milima hii, yamefika kabla yangu!

Nilitaka kujua yamepita wapi. Unanijua. Nikauliza mpaka wakaanza kunikimbia. Yule msichana aliukuta kwa dada zake. Dada zake waliletewa na binamu aliyetoka Kamachumu. Huyo binamu, nilimfuata siku ya gulio, ana mtoto mgongoni sasa, akasema walifundishwa na watoto wa katekista fulani aliyehamia kwao. Huyo katekista alitoka wapi? Hajui. Hapo nikapotea. Lakini pia nilifurahi kupotea. Maana kama mchezo ulifika kwa njia hiyo, ni njia ngapi nyingine sizijui? Labda hata ng'ambo ya ziwa kuna mtoto sasa hivi ameshika sikio.

Jumamosi nikapanda basi kwenda kwa mama yako.

Kemi, sikufichi. Kibanja kilinitisha. Majani makavu yananing'inia kwenye migomba mpaka chini, hakuna aliyeyakata. Kwa mama yako! Yule aliyekuwa akiona jani moja limekauka kwa jirani anasema, "Hawa wamehama?" Yeye mwenyewe amekaa mlangoni, mikono imelala mapajani. Toka msiba hajavuka uzio. Hata kanisani hajaenda. Jirani alininong'oneza nje kwamba chakula anakigusa tu na kukirudisha, na kwamba tukimwacha hivi, mvua zijazo hatutakuwa naye.

Nikamwambia yote, mbiombio, nimesimama, bado nina vumbi la basi. Kichuguu, kijiti, watoto. Akanisikiliza. Akasema, "Michezo ya watoto, Justa. Watoto wote wanacheza." Akageuza uso. Nilihisi nimeleta maua ya karatasi.

Nikakaa karibu naye. Sikuwa na ujanja uliobaki. Nikasema tu, "Lakini wanashika sikio, mama. La kushoto. Kama siku ile lilipomuuma."

Akageuka polepole.

"Sikio gani?"

"La kushoto. Siku zile za Uhuru."

Nikadhani nimemuumiza. Halafu midomo yake ikaanza kwenda. Akasema usiku kucha ulilia. Asubuhi akapasha majani machungu ya mubilizi, akakukamulia sikioni, akaziba na pamba, akakwambia leo hutoki. Wewe ukasema siku za Uhuru nibaki ndani kama kuku anayeatamia? Ukawa umeshafika uzioni. Basi akakupigia kelele kutoka jikoni.

"Nilimwambia, shika! Shika hilo sikio, dawa isidondoke!" Akanishika mkono, Kemi, akaubana. "Ni mimi. Ni mimi niliyemwambia ashike. Na alishika? Kumbe alishika?"

"Alishika, mama. Mpaka juu ya kichuguu."

"Mimi nilijua ameliachia pale kwenye kona tu."

Miaka yote hiyo, Kemi! Mimi nilidhani naijua siri yote ya sikio, kumbe nilikuwa na nusu. Nusu nyingine ilikuwa jikoni kwa mama yako. Wale watoto wa Buganguzi wanamtii mama yako. Kila siku, baada ya shamba, wanamtii, na dawa haijadondoka mpaka leo.

Akauliza, "Basi la huko linapita saa ngapi?"

Alikuja, Kemi. Amevaa ile kanga yake ya kanisani. Ule mlima wetu akaupanda akipumzika kwenye kila jiwe, nami moyoni naomba, leo wacheze, wasije wakaamua kuruka kamba leo. Mwalimu mkuu alimtolea kiti. Hakukaa. Alisimama ukingoni mwa uwanja.

Walicheza. Kijiti kilikuwa kwa kale kavulana ka pengo. Kakatoka, walinzi wakaanza, "Leteni majivu, huyu amezimika!" Kakakwepa mpira mmoja, kakajikwaa, na mkono ukaanza kuteleza kutoka sikioni. Na mama yako, yule ambaye tulikuwa tunainamisha masikio kumsikia, akapiga ukelele uwanja mzima ukasimama:

"Shika vizuri! Itadondoka!"

Kale katoto hakakuuliza nini kitadondoka. Kakabana sikio, kakapanda, kakachomeka kijiti. "Ujamaa!" "Pamoja!" Na mama yako aliitikia nao, amechelewa kidogo, peke yake, watoto wakacheka.

Yule msichana wa kwanza akamsogelea, akapiga magoti kumsalimia, akamuuliza, "Bibi, kwani na wewe unaujua huu mchezo? Wewe ni nani?"

Akasema, "Mimi ni Mama Kemi."

Alilisema kwa sauti, kama mtu anayeitika akiitwa shuleni. Mimi mdomo ulikuwa tayari umefunguka, nataka kuwaambia watoto kila kitu, wewe, sikio, redio, Laurenti. Akaniona. Akanibana mkono tena.

"Waache hivyohivyo," akasema.

Kemi, sijui kama ulijifunza kwake au yeye kwako.

Sasa anakula. Jirani anasema amekata majani makavu yote, akaanzia migomba ile iliyokuzunguka. Jumapili nikienda nitakuta jua linakufikia vizuri hapo ulipo.

Nikuache upumzike, rafiki yangu. Kwa heri, mwenzangu wa taa na magazeti. Ahadi yangu ni hii, na unajua inanigharimu kuliko mtu yeyote: mimi Justa, niliyezaliwa na mdomo huu, nitanyamaza. Nitakaa pale kwenye ngazi nikiwaangalia, na wakiniuliza kwa nini sikio, nitawaambia ndivyo linavyoshikwa. Ila akitokea mtoto akakimbia mkono mtupu, nitapiga kelele kwa niaba ya mama yako.

Wako,
Justa