Ute wa Shubiri kwenye Kioo

Jumatatu, 7 Novemba 1988
Nkwenda na kurudi, mara mbili. Mvua. Wagonjwa wanapumua, kanga zimelowa, kioo cha mbele kinafunga ukungu kwa ndani kama mfuniko wa sufuria ya ndizi. Feni ya kukikausha ilikufa zamani. Hospitali wanasema spea hakuna. Nimeendesha kichwa nje ya dirisha. Nimelichoka gari hili la wagonjwa. Anitha, mke wangu, yuko kwao Kamuli, siku zake za kujifungua zimekaribia. Mtoto wetu wa kwanza alifia kwenye barabara hii hii, dereva kasimama kungoja aone mbele. Mimi sitasimama.

Jumatano, 9 Novemba
Kiazi nilichopaka kiooni kuzuia ukungu hakikufika hata Nkwenda. Utomvu wa mgomba niliojaribu baadaye umekauka na kuacha madoa ya kahawia. Kila mtu huku anajua unavyoharibu shati. Sijui nilidhani kioo kina tofauti gani. Hasira tupu.

Jumamosi, 12 Novemba
Shubiri! Nimechuja ute wake, nikachanganya na ute wa yai, nikapaka mara mbili juani. Unyevu unatandaa tu bila kuwa ukungu, naona barabara. Asubuhi nzima! Kisha karani aliyekaa mbele akatoa leso, akanifutia kioo. Ndiyo adabu ya huku: ukikaa mbele, humwachi dereva ahangaike peke yake. Dawa yote ikaondoka na leso. Nikasema asante. Ningeweza kumng'ata.

Jumanne, 15 Novemba
Nimeongeza gundi ya mti ili ishike. Inavumilia kufutwa mara moja. Ya pili, kwisha. Nimebandika karatasi: USIFUTE KIOO. Wanaojua kusoma wanacheka. Wasiojua wanafuta. Wanaocheka nao wanafuta.

Alhamisi, 17 Novemba
Uchungu umemshika Anitha alfajiri. Nikapaka kioo upya, nikakimbilia Kamuli. Yeye na shangazi yake nyuma. Nafasi ikakosekana, mama mkwe akaketi mbele, uso kaugeuzia dirishani kama inavyopasa. Unyevu ulipotokea kidogo tu, akavua kanga ya mabegani. "Pole, baba. Ngoja nikusaidie." Mkwe hakatazwi. Hata kumtazama usoni sijawahi. Nikakohoa. Akafuta. Nikakohoa zaidi. "Pole na kifua," akasema, akasugua kwa nguvu. Kabla ya Nkwenda dawa ilikwisha, kioo kikawa cheupe pe kwa ukungu. Kichwa nje, mvua machoni, Anitha anapiga kelele, mimi nalia kwa hasira. Sikusimama.

Tumefika hospitali. Mtoto wa kike, mzima. Bado nina hasira.

Jumapili, 20 Novemba
Nimepaka kioo upya, nimewarudisha Kamuli. Jana nilimweleza Anitha habari za kioo. Alicheka mpaka akajishika tumbo, akaniambia nisimchekeshe, nimwache apone kwanza. Alichomwambia mama yake sikijui, na siulizi.

Mama mkwe alikaa mbele tena. Shikamoo, marahaba, basi. Mikono aliikalia, yote miwili, mpaka nyumbani. Mvua ilinyesha njia nzima. Mtoto alilala. Barabara niliiona yote.