Mti wa kimo cha Opi

Jumapili, jioni

Basi nimeukata, ule mti wa avokado niliopanda na Opi wangu hapa Onduparaka. Kila Jumapili nilikuwa namsimamisha kando yake tuone nani mrefu.

Tangu ndugu za baba yake wamchukue kwenda Koboko, eti ameshaacha ziwa na mtoto ni wa ukoo, mti umeendelea kurefuka peke yake. Sikutaka kuugusa.

Leo Mama Furaha, jirani yangu Mkongomani, amenigombeza. "Dada, kata kichwa! Ukiacha hivi, matunda itakuliwa na popo tu. Ukikata, matawi itatoka chini, mutoto atachuma na mukono yake."

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nichukue kisu. Nikakata pale kichwa cha Opi kilipofika mara ya mwisho, nikapaka majivu kwenye kidonda, nikapuliza kama ninavyompuliza yeye akianguka.

Nikamuuliza Mama Furaha mti utazaa lini.

"Miaka, dada. Vumilia."

Mpaka hapo Opi atakuwa amenipita hata mimi. Kuchuma, itabidi ainame.

Ainame tu. Ila aje.