Samadi ya Nikolaus

Maneromango, Jumatano, 2 Novemba 1938

Salamu kwanza, na radhi ifuate, kwa kurasa hizi ambazo sikuzigusa tangu tumzike mke wangu Laurentia. Mimi ni mzima, Mungu asifiwe.

Bustani imekubali. Vuli imeanza vizuri, na samadi niliyopewa na Nikolaus, mzee mwenzangu wa kanisa, imefanya kazi kupita matarajio. Majani ya mchicha ni mapana kama kiganja! Binti yangu Benedikta huchuma mazuri kwa ajili yetu na wanawe; mashina na majani yaliyotobolewa na wadudu huwaendea kuku. Mayai yameongezeka. Jirani yangu Mwinyimadi amefunga Ramadhani. Kila alasiri nampelekea fungu, wafuturu nalo.

Jumamosi, 12 Novemba

Mwinyimadi alikuja kunichinjia jogoo, kama ilivyo desturi yetu. Tangu tuwe majirani sijachinja kwa mkono wangu, ili naye ale kwangu bila wasiwasi. Akachungulia bustani, akacheka: "Mwalimu, kuku wako wanakula kuliko sisi tuliofunga!" Akasema amewaambia wenzake msikitini kwamba chakula cha nyumba hii mtu hula amefumba macho. Nilifurahi. Nilifurahi mno.

Jioni Benedikta, akiwatupia kuku pumba, aliniuliza taratibu: "Baba, samadi ile si ya zizi la nguruwe?"

Jembe lilinitoka mkononi. Nikolaus hafugi kitu kingine! Nilijua tangu siku ile nilipobeba magunia — wala haikunijia kwamba mboga hii ilikuwa ikivuka ua.

Jumatatu, 14 Novemba

Nilidhamiria kwenda kusema. Kabla sijatoka, akabisha hodi Mwamini, mkewe Mwinyimadi.

"Shemeji, mchicha huu unautilia nini? Usinifiche."

Nikajibu, samadi.

"Samadi ya nini?"

Ya kuku, nikasema.

Ya kuku! Mzee wa kanisa, mwenye mvi, nimemdanganya mwanamke aliyefunga. Naye akafurahi, kesho atakuja na kapu achote.

Jumanne, 15 Novemba

Nilikwangua banda la kuku mpaka udongo ukaonekana. Kapu halikujaa hata nusu. Mwamini akatazama lundo lililo nyuma ya matuta. "Na lile, shemeji? Mbona lipo tele?" Nikasema bado ni bichi, litaunguza miche. Uongo wa pili. Akaniamini, akanishukuru!

Benedikta alikuwa mlangoni, akisikia yote. Alinitengea chakula bila kunitazama.

Jumatano, 23 Novemba

Nimeacha kupeleka mboga; nasingizia wadudu. Leo Mwamini amekuja kuomba mchicha wa Idi. Wageni wao wametoka Visiga. "Usiniaibishe, shemeji, nimekwisha kuwatangazia mboga ya kwa Mwalimu." Nikamwambia atapata asubuhi. Kwa nini ulimi wangu hauwezi neno moja?

Nikashika kalamu. "Kwa ndugu yangu mpenzi Mwinyimadi, salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kuchelewa kukuarifu jambo hili…" Nilichana karatasi kadhaa. Hii ya mwisho imetaja nguruwe, imetaja na uongo. Haikujitetea.

Benedikta ameisoma. Ameuliza: "Nani atampelekea na kumsomea, Baba?"

Sikuwa nimefikiri. Mwinyimadi husoma herufi za Kiarabu tu. Barua za mwanawe aliye Dar es Salaam huniletea mimi nimsomee, naye huketi mikono magotini, akiniamini kila neno.

Benedikta amesema twende pamoja. Nimemkatalia. Mchukuzi wa barua hii ni mimi, na msomaji ni mimi, mbele ya mkewe na wageni wake. Nimevaa koti. Nimefika mlangoni, nikarudi kuandika mistari hii — mwoga mimi! Huko kwao wameanza kushangilia, mwezi umeonekana. Wananiita nije. Barua imo mfukoni; naenda.