Unga Uliopungua Kwenye Chupa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini uko mzima, watoto hawajambo, goti la baba limepoa na mama ameacha ubishi wa kubeba ndoo. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haujatulia. Uliniuliza kwenye simu mbona siku hizi naongea kama mtu anayechungulia mlangoni. Leo nakujibu.

Utafiti wangu unaujua: nachukua mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, nayapitisha kwenye bomba la moto lenye unga wa kichocheo, yatoke dizeli. Unga wenyewe niliutengeneza kwa mikono yangu, na muhula uliopita ukaanza kutoa matokeo mazuri kuliko tulivyothubutu kuomba. Nilifurahi kama mtoto. Furaha haikukaa.

Kwanza ilikuwa vali ya gesi. Mimi huikaza mpaka kiganja kiniume. Asubuhi moja nikaikuta imelegea. Nikadhani nimesahau. Kisha unga ukapungua kwenye chupa, kiasi cha kijiko hivi. Halafu nikalikuta bomba lina uvuguvugu na mimi sikuwa nimeliwasha. Dada, bomba haliendi kuota jua!

Maabarani kwetu tuko wawili: mimi na yule kijana tunayemwita Bubu, maana salamu yake ni kuinua nyusi. Nikimuuliza jambo, anajibu huku anaosha chombo ambacho tayari kinang'aa. Nikiingia ghafla, anafunga kompyuta. Profesa naye akabadilika. Zamani aliniita binti yangu. Sasa ananiuliza swali lilelile mara mbili, kama askari. Nikaona wazi kwamba wamekula njama, wanataka kuniibia kazi. Nikawa natembea na chupa yangu mkobani, nimeivalisha soksi. Cheka tu.

Yote hayo nilimsimulia mchumba wangu. Alinisikiliza kwa upole, akasema kikulacho ki nguoni mwako, bora niachane na watu hao nimfuate huko alikopata kazi, tuanze maisha. Masomo, alisema, hayana mwisho.

Jumatatu uvumilivu ulinishinda. Nilifika mapema, nikamkuta Bubu mbele ya mtambo wangu, anamimina unga wangu kutoka kwenye kikaratasi.

"Mwizi wee!" nikamwambia. "Leo utasema."

Hakukimbia. Alivua miwani, akaongea maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia tangu tujuane. Profesa ndiye aliyemwagiza arudie majaribio yangu bila mimi kujua, kwa sababu ameambiwa kwamba namba zangu nazipika.

"Zinatoka zilezile," alisema. "Namalizia hili, nikamwambie amekukosea."

Nikauliza ni nani aliyesema nazipika. Akatazama sakafu.

"Muulize mchumba wako."

Nilimpigia palepale. Nilitaka akane tu. Ningeamini uongo wowote. Badala yake akasema hakuwa na nia mbaya, ila alijua kazi ikikwama nitamfuata, na siku moja ningemshukuru.

Profesa ameniomba radhi, nami nikamwomba Bubu. Nilimwambia Profesa siku nyingine akinitilia shaka anisimamishe mbele yake, nirudie jaribio akitazama. Alikubali, lakini bado hatutazamani vizuri. Uchumba nimeuvunja. Wazazi nitawaeleza mwenyewe.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kabla sijakata simu, yule bwana alisema maneno haya: "Unanilaumu peke yangu? Dada yako ndiye aliyenishauri niende kwa Profesa. Alisema ukiendelea na vitabu utazeekea huko."

Nimejiambia kwamba mtu aliyekamatwa husema lolote. Nimejiambia pia kwamba wewe ndiye uliyetukutanisha, na kwamba wiki nzima hukuniuliza habari za masomo hata mara moja, ulikuwa unarudia kuniuliza tarehe ya harusi. Sijui nishike lipi. Usinipigie, dada, kwenye simu kila mtu ni mkweli. Ijumaa nakuja nyumbani. Tutakaa wawili, nitakuuliza, na nitakutazama usoni unaponijibu.

Wasalimie baba na mama kwa heshima zote, na uwabusu wanao kwa niaba yangu. Bado nakupenda, ndiyo maana naogopa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba